Mashaka kuhusu chanjo za watoto (Tabora na njia ya misafara)

Mashaka kuhusu chanjo za watoto ni wasiwasi wa wazazi na walezi juu ya usalama wa chanjo au uwezo wake wa kukinga maradhi. Tabora na kwingineko kando ya njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, wasiwasi huo huchanganyika na umbali wa zahanati, hivyo si kila mtoto asiyechanjwa ana mzazi aliyekataa.

Historia

Karne ya 19 ndui ilitembea na misafara ya pembe za ndovu. Wapagazi waliougua waliachwa njiani. Baadaye serikali ya Wajerumani ilichanja watu kwa amri. Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza 1975.

Chanzo cha mashaka

Hofu iliyo karibu zaidi na mzazi ni ya homa. Mtoto huchomwa pajani akiwa mzima, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Usiku mwili unachemka na paja linavimba. Mama ambaye hakuambiwa mapema kwamba hali hiyo hupita baada ya siku moja au mbili ana kila sababu ya kudhani mwanawe ametiwa ugonjwa. Tafiti za miaka ya 1990 wilayani Bagamoyo zilikuta imani kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa.

Swali jingine ni kwa nini mtoto aliyechanjwa surua huweza kuugua surua. Dozi ya miezi 9 hukinga takriban watoto 85 kati ya 100, ndiyo maana mwaka 2014 Tanzania iliongeza dozi ya pili, ya miezi 18. Hiyo ni rahisi kusahaulika: mtoto ameshaanza kukimbia, na kadi ya kliniki imeshafungiwa sandukuni.

Uvumi wa utasa umeiandama hasa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchini kote 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Nchini Kenya, mwaka 2014, maaskofu Wakatoliki walidai chanjo ya pepopunda kwa wanawake imetiwa homoni ya kuharibu uzazi, lakini serikali ilikanusha. Januari 27, 2021, akiwa Chato, Rais John Magufuli alisema chanjo za UVIKO-19 hazifai. Julai 28 mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani, huku Askofu Josephat Gwajima, wakati huo mbunge wa Kawe, akiipinga chanjo hiyo. Ubishi ulihusu sindano ya watu wazima, lakini mzazi aliyesikia Ikulu na mimbari zikipingana hakuwa na sababu ya kuitenga ile ya mwanawe.

Madhara

Mlipuko wa surua wa Mpimbwe, mkoani Katavi, jirani na Tabora, ulioendelea hadi mwanzoni mwa 2023, uliua watoto.

Polio ya 2023

Mei 2023 polio inayotokana na kirusi cha chanjo ilithibitishwa Rukwa. Kirusi hicho, kilichodhoofishwa ili kitumike katika matone ya chanjo, hupata nguvu upya kikizunguka muda mrefu miongoni mwa watoto wasiochanjwa. Ni hatari ya kweli, na wazazi wanastahili kuelezwa wazi. Septemba mwaka huo matone ya aina mpya yalitolewa nyumba kwa nyumba katika mikoa sita, ikiwamo Kigoma na Katavi.