Historia na Ubunifu katika Filamu ya Bombshell

Filamu ya Bombshell (2019), iliyoongozwa na Jay Roach, inasawiri matukio halisi ya Marekani. Mnamo Julai 6, 2016, mtangazaji Gretchen Carlson alimshtaki Roger Ailes, mkuu wa Fox News, kwa unyanyasaji wa kijinsia. Ailes alikana madai hayo, lakini akajiuzulu Julai 21. Septemba, kampuni ilimlipa Carlson dola milioni 20 na kumwomba radhi. Naye akafungwa na mapatano ya kutosimulia yaliyompata.

Hapa ndipo suala la kihakiki linapozuka. Aliyeanzisha kesi hakuweza kuwasimulia watunzi wa filamu. Ndiposa tukio zito kuliko yote, la mwanamke kuamriwa ofisini kupandisha nguo yake, limepewa Kayla, mhusika wa kubuni. Msomaji wa historia huenda akauona huu kuwa upungufu. Kwetu, Kayla anawakilisha ushahidi uliozibwa. Sheria ya Marekani ya Desemba 2022 ilidhoofisha ahadi za kimya zilizotiwa sahihi kabla ya mgogoro. Haikugusa zile za suluhu, mithili ya Carlson. Kwa hiyo, wajibu huu wa sanaa haujakoma.