Gofu: Fimbo zisameheyo na zisizosamehe

Fimbo za chuma za gofu ni za aina mbili kuu. Ya kwanza ina mgongo uliochimbwa, na uzito wake umesambazwa pembezoni. Mpira ukigongwa nje ya kitovu, kichwa hakipinduki sana wala umbali haupungui mno. Miongoni mwa walioieneza ni Karsten Solheim, aliyeasisi kampuni ya PING nchini Marekani mwaka 1959.

Ya pili ni bapa, uzito ukikusanyika katikati. Humwezesha stadi kuupinda mpira angani atakavyo, lakini huadhibu kosa dogo.

Kwa mchezaji wa ridhaa atokaye Rapsu, Isiolo, kwenda kucheza Nanyuki, tofauti hudhihirika mbele ya shimo la mchanga: mpira uliogongwa vibaya kwa fimbo ya kwanza huweza kulivuka, kwa ya pili, hutumbukia. Hata hivyo, hakuna fimbo irekebishayo shabaha mbovu.