Fungu la Leo, Nyumba kwa Nyumba

Kijitabu kilikaa juu ya kabati la vyombo, ndani ya kopo la majani ya chai, ili mende wasikile. Mama alikitoa kila alfajiri kabla moto haujashika vizuri, akakisogeza karibu na kibatari, akasoma fungu la siku kwa sauti: mstari mmoja wa Agano la Kale, mwingine wa Agano Jipya. Basi. Hakufafanua wala hakuhubiri. Akishakifunga alinitazama, nami nilijua zamu yangu imefika. Kabla ya kwenda shule nilitakiwa kuteremka migombani mpaka kwa bibi jirani yetu, ambaye macho yalikuwa yamepofuka, nikamsomee fungu hilohilo.

Ni Rungwe, nchi ya mvua na ukungu, na njia ya kwa bibi ilikuwa na utelezi karibu mwaka mzima. Nilinung'unika sana. Nilidhani ni desturi aliyoibuni Mama mwenyewe. Ukubwani, nilipoanza kusoma historia ya kanisa letu la Moravian, ndipo nilipogundua kwamba safari yangu ya migombani ilianza mwaka 1728, katika kijiji cha Wajerumani ambacho sikuwahi kumsikia Mama akikitaja.

Kijiji hicho ni Herrnhut, jina lenye maana ya ulinzi wa Bwana. Mwaka 1722 wakimbizi wa imani kutoka Moravia, ambayo leo imo Jamhuri ya Cheki, walivuka mpaka wakaingia Saxony. Walikuwa mabaki ya Umoja wa Ndugu, kanisa lililoanzishwa mwaka 1457 na wafuasi wa Jan Hus, yule mhubiri aliyechomwa moto Konstanz mwaka 1415. Kabaila kijana, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, aliwaruhusu wajenge katika ardhi yake. Seremala Christian David akakata mti wa kwanza, nyumba zikaanza kusimama.

Ningependa kusema kwamba waliishi kwa amani tangu siku hiyo, lakini haikuwa hivyo. Walikuja na wengine wenye mafundisho tofauti, wakagombana juu ya ibada, juu ya meza ya Bwana, juu ya nani mwenye imani safi. Ilifika mahali mmoja wao akahubiri kwamba Zinzendorf, aliyewapa kiwanja, ndiye yule mnyama wa kitabu cha Ufunuo. Zinzendorf aliacha kazi yake ya serikali mjini Dresden, akahamia kwao, akawa anapita kwenye nyumba zao kuzungumza nao. Mwezi Mei 1727 wakaweka mapatano ya namna ya kuishi pamoja. Tarehe 13 Agosti mwaka huohuo wakashiriki meza ya Bwana katika kanisa la Berthelsdorf, kijiji cha jirani, na waliokuwa hawasalimiani wakatoka wamepatana. Wamoravian duniani kote wanaikumbuka tarehe hiyo. Mimi naipenda kwa sababu furaha ya kanisa letu ilizaliwa siku watu waliposameheana, na ilizaliwa kwa watu waliokwisha kuoneana aibu zao zote.

Lakini furaha ya siku moja hupoa. Tarehe 3 Mei 1728, katika ibada ya jioni ya kuimba, Zinzendorf aliwapa neno fupi la kwenda nalo kesho yake. Ikawa desturi. Kila asubuhi ndugu mmoja alipita katika nyumba zote 32 za Herrnhut akilitamka mlangoni. Sehemu ninayoithamini kuliko zote ni hii: huyo mleta neno hakuwa anapita kama mpiga mbiu. Aliuliza watu wa nyumba ile wameamkaje, nani anaumwa, nani ana mzigo moyoni, akapeleka habari kwa wazee. Jioni walikutana tena, wakalizungumza neno lilelile walilokaa nalo mchana kutwa.

Mwaka 1731 maneno hayo yakachapishwa kwa mara ya kwanza kama kijitabu cha mwaka mzima, na tangu hapo hakijakosa mwaka, vita vikiwemo. Mpaka leo mistari ya Agano la Kale huchaguliwa Herrnhut kwa kura, kutoka katika mkusanyiko wa mistari zaidi ya 1,800, miaka mitatu kabla ya kutumika. Wa Agano Jipya hutafutwa baadaye ili uendane na ule wa kwanza. Kwa hiyo hakuna anayejichagulia faraja. Siku ya harusi yako unaweza kupewa maneno ya nabii anayelia, na siku ya msiba ukapewa ya kushangilia.

Huku kwetu neno lilifika kwa maji na kwa miguu. Mwaka 1891 wamisionari wanne, Theodor Meyer, Theophil Richard, Johannes Häfner na Georg Martin, walipanda mito ya Zambezi na Shire, wakavuka Ziwa Nyasa. Martin alikufa kwa homa kabla ya kuiona Rungwe, na watatu waliobaki wakapandisha milima. Miaka 25 baadaye vita vya Wajerumani na Waingereza vikawaondoa wamisionari wa Kijerumani, na walirudi katikati ya miaka ya 1920. Waskoti wa misheni ya Livingstonia, ng'ambo ya ziwa, walisaidia, lakini kazi ya kila siku ilibaki mikononi mwa walimu na wazee wa hapahapa. Watu hao hawajaandikwa vya kutosha.

Bibi alikuwa binti mdogo wakati huo. Alikumbuka mwalimu wa kijiji akipita na fimbo yake alfajiri, akisimama uani bila kuingia, akitamka neno la Mungu kisha akiuliza habari za wagonjwa. Labda ndiyo maana nilipokuja na kijitabu hakuona ajabu yoyote. Alinishika kifundo cha mkono, akauliza Mama ameamkaje, ng'ombe amezaa au bado, ndipo akasema, "Haya, soma."

Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani. Fungu likiwa fupi alilalamika, "Umenipunja, mjukuu wangu." Alirudia maneno mara tatu nne mpaka yakakaa, kisha akavuta ungo wake na kuanza kupukuchua mahindi, akilitamka polepole, punje zikianguka. Nikirudi kutoka shule nilimkuta bado nalo. Mwanawe wa pekee alikwenda migodi ya Afrika Kusini na hakurudi. Alikuwa na kuku watatu na paa linalovuja. Nimekutana na watu wengi wanaofundisha namna ya kuridhika, wengine kwa vipaza sauti vikubwa, na sijamwona aliyeridhika kama yeye. Hakuwa amemsahau mwanawe. Alimtaja katika kila sala.

Asubuhi moja mvua ilikuwa kubwa, nikajibanza chini ya mgomba mpaka muda wa shule, kisha nikamwambia Mama nimekwenda. Jioni nilipita kwa bibi na uongo wangu. Jirani mwingine alikuwa pale akimchochea moto. Alisema amemkuta bibi ameketi kwenye kigoda mlangoni, mahindi hayajaguswa, chai imepoa kikombeni, anasema mtoto atakuja. Bibi mwenyewe hakuniuliza kitu. Alinisalimu, akanipa ndizi ya kuchoma iliyofungwa kwenye jani, nikashindwa kuila.

Kesho yake nilifika kabla hajaamka. Nilikaa kizingitini, kijitabu kimefungwa ndani ya sweta langu, mpaka nikasikia anakohoa na kupapasa ukuta. Alinishika kifundo cha mkono kama siku zote, akauliza habari za nyumbani, nikajibu. Nikafungua ukurasa wa siku ile.

"Ngoja," akasema. "Anza na la jana."