Lisemwalo Lipo? Ibada ya Shetani Katika Historia na Katika Lugha

Wahenga walinena: lisemwalo lipo, na ikiwa halipo, li njiani laja. Methali hii yaifaa sana historia ya ibada ya Shetani, kwani jambo hilo lilisemwa kwa karne nyingi kabla ya kutokea watu waliojiita kwa jina hilo hadharani. Mwalimu wa Kiswahili hana budi kuifahamu historia hiyo, maana neno lenyewe husikika shuleni mara kwa mara, tena laweza kumdhuru mtu.

Tuanze na neno. Katika Kiebrania, satan maana yake ni mpinzani au mshitaki. Katika Kitabu cha Ayubu yeye huhudhuria mbele za Mungu na kumshitaki mwanadamu; hatajwi kuwa mfalme wa jahanamu. Waliofasiri maandiko hayo kwa Kiyunani walitumia neno diabolos, yaani msingiziaji. Kurani nayo yatueleza habari za Ibilisi, aliyekataa kumsujudia Adamu kwa kujiona bora. Kiswahili kililipokea neno hilo kutoka Kiarabu, na huku pwani maana yake ikapanuka: mashetani ni pepo pia, ambao humpanda mtu kichwani na hupungwa kwa ngoma. Anayechezewa ngoma hiyo ni mgonjwa anayetafuta nafuu. Kumwita mwabudu Shetani ni kuchanganya maana mbili.

Sasa tutazame Ulaya. Tarehe 13 Oktoba 1307, Mfalme Filipo wa Nne wa Ufaransa, aliyekuwa na deni kubwa kwa Watempla, yaani watawa waliokuwa askari wa vita vya msalaba, aliamuru wakamatwe. Walishitakiwa kwamba walimkana Kristo na kuabudu sanamu. Waliteswa, na wengi wakakiri. Mwaka 1312 Papa Clement wa Tano alikivunja chama chao, na mwaka 1314 mkuu wao, Jacques de Molay, alichomwa moto baada ya kuyakana maungamo yake. Katika karne zilizofuata, hadi ya 18, watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 40,000 na 60,000, wengi wao wanawake, waliuawa Ulaya kwa tuhuma za uchawi, mara nyingi ati kwa kufanya mapatano na Ibilisi. Hapa tena ushahidi mwingi ulikuwa maungamo yaliyotolewa kwa mateso.

Karne ya 19 ilipokaribia kwisha, Mfaransa mmoja, Léo Taxil, aliandika vitabu vilivyodai kuwa Wamasoni humwabudu Shetani. Aliaminiwa hata na viongozi wa dini. Tarehe 19 Aprili 1897 alisimama mbele ya watu mjini Paris, akakiri kwamba alikuwa amewadanganya miaka yote hiyo.

Hatimaye lililosemwa likaja. Mwaka 1966, mjini San Francisco, Marekani, Anton LaVey alianzisha Kanisa la Shetani, na mwaka 1969 akachapisha kitabu cha mafundisho yake. Kwake yeye, Shetani si kiumbe kilicho hai bali ni ishara ya majivuno, ya matamanio ya mwili na ya kukataa kutii; mwanadamu na ajitukuze mwenyewe. Mwaka 1975 mfuasi wake Michael Aquino alijitenga, akishika kwamba mwenye jina hilo yupo kweli. Chama kingine, kilichoanzishwa mwaka 2013, huitumia ishara hiyo kutetea utengano wa dini na serikali. Kumbe hata wao hawana kauli moja. Falsafa ya LaVey yaweza kujibiwa kwa hoja, na sisi tuliolelewa kwa msemo wa mtu ni watu tunalo la kuijibu.

Hofu hiyo ilifika Afrika Mashariki pia. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi wa Kenya aliunda tume chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima ili kuchunguza ibada ya Shetani. Taarifa yake, iliyotolewa hadharani mwaka 1999, ilisema ibada hiyo ipo, hata shuleni. Wazazi wengi waliingiwa na hofu, na hofu yao haikuwa ya kuchekwa.

Lakini nilipata kufundisha katika shule moja ambako msichana mpenda upweke aliitwa mwabudu Shetani na wenzake. Kabla muhula haujesha akahama. Hakuna aliyesema alimwona akifanya nini, nami mwalimu sikuuliza.

Ndiyo sababu nawaomba walimu wenzangu, mnapoifundisha methali ile, wafundisheni wanafunzi na kuuliza: nani kasema, na kaona nini? Na waelezeni kwamba tangu asili jina hili lilikuwa la mshitaki na msingiziaji, wala si la mshitakiwa.