Rusinga na Mbita: tuta kwanza, daraja baadaye

Sisi wa Mombasa tulioiona Makupa twayajua haya. Rusinga, kisiwa cha Ziwa Viktoria katika kaunti ya Homa Bay, kilitenganishwa na Mbita na mlango mwembamba wa maji. Miaka ya 1980 likamwagwa tuta. Magari yakapita, na kisiwa kikawa kama kitongoji cha mji wa Mbita. Hata kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi 1969, likafikika kwa gari. Lakini mkondo ulizibwa: maji yakatuama, magugu yakasongamana, wenye mashua wakalazimika kukizunguka kisiwa kizima. Daraja la kuyafungulia maji lilikawia zaidi ya miaka 30. Makupa yetu nayo ilingoja hadi 2022. Naona wahandisi wangewauliza wavuvi kwanza.