Kelele ya Mbele Kushoto

Fundi mzuri wa Garissa hashiki spana kwanza. Anauliza: umetoka na barabara gani? Ukisema Dadaab, ana pa kuanzia. Ukisema Modogashe, ana pengine. Ukisema Nairobi, anakuangalia wewe kwanza kabla ya kuangalia gari, maana zile kilomita 370 hivi za lami haziumizi gari kwa namna ileile. Ni swali la mwanahistoria hilo, na nimeanza kuamini kwamba kelele inayotoka chini ya pikapu huku kwetu ina umri mkubwa kuliko pikapu yenyewe.

Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuiruhusu kufunga maeneo ya mbali. Kufikia 1926, Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ile wazee wanaiita NFD, ilikuwa imefungwa: mgeni haingii bila kibali, mwenyeji hatoki bila kibali. Mwaka 1934 sheria nyingine ikaongeza nguvu za maofisa juu ya wafugaji. Sasa jiulize, mahali ambapo watu hawaruhusiwi kupita ovyo, nani atajenga barabara? Zilizokuwepo zilikuwa njia za askari na posho yao. Hata msafara mkubwa wa magari kuwahi kupita hapa ulikuwa wa vita. Mwanzoni mwa 1941, jeshi la Jenerali Alan Cunningham lilivuka kutoka Tana kwenda kuwapiga Waitaliano, likaitwaa Kismayu tarehe 14 Februari. Malori yalikuja, yakafungua njia mchangani, yakaenda zake.

Uhuru nao ukaja na mikosi yake. Desemba 1963, hata mwezi haujaisha tangu bendera ipandishwe, hali ya hatari ikatangazwa Kaskazini Mashariki. Katika Vita vya Shifta, mabomu yalitegwa kwenye njia hizohizo za mchanga. Mkataba wa Arusha wa Oktoba 1967 ulimaliza vita kwenye karatasi, lakini sheria za hali ya hatari ziliendelea kukaa vitabuni mpaka 1991. Katikati ya hayo yote, mwaka 1965, serikali ilitoa Waraka Namba 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, na ndani yake imeandikwa waziwazi kwamba fedha za maendeleo ziende kwanza kule penye ardhi nzuri, mvua na njia za usafiri. Yaani mwenye barabara ataongezewa barabara. Sisi tulikuwa na mbuzi na vumbi.

Vumbi lenyewe halikai tulivu. Mtu yeyote aliyepanda gari kwenda Dadaab anajua ile migongo midogo inayojipanga njiani kama bati la paa, inayokutetemesha mpaka meno. Wengi hudhani inaletwa na malori mazito au springi mbovu. Kumbe mwaka 2007 wanafizikia watatu, Taberlet, Morris na McElwaine, walizungusha gurudumu dogo juu ya mchanga maabara na kuona kwamba migongo inajitokeza yenyewe, hata gurudumu likiwa halina springi yoyote. Kinachohitajika ni kasi tu. Ukienda polepole kupita kiasi fulani, mchanga unabaki bapa. Tatizo ni kwamba kasi hiyo ya salama ni kama ya mtu anayekimbia mchakamchaka. Nani atakwenda Dadaab, karibu kilomita 100, kwa mwendo huo? Na kwenye barabara ile?

Kwa hiyo madereva hufanya kinyume. Wanakanyaga mafuta mpaka 80, gurudumu linaruka kutoka mgongo hadi mgongo, na ndani ya kebini unahisi kama unaelea. Kweli mtetemo unapungua. Ila gurudumu linaloelea haliitikii steringi wala breki vizuri, na ule mtetemo hauendi mbinguni. Unaingia kwenye bushi, kwenye shoki, na zaidi ya yote kwenye nati.

Ndiyo maana springi za majani, zile bapa zilizopangwa kama chapati, zilidumu sana huku. Zilitoka kwenye mikokoteni ya farasi, zikaingia kwenye Land Rover ya 1948, na Land Cruiser za kazi zikaendelea kuzibeba mbele na nyuma kwa miongo mingi. Jani likikatika, unalifunga kwa mpira wa tyubu na unafika. Ukifika, jani lililokatika halitupwi. Chuma chake kinafuliwa kuwa panga.

Abti wangu, yaani mjomba, alikuwa na pikapu ya aina hiyo. Alibeba mbuzi kutoka upande wa Dadaab kwenda soko la mifugo la Garissa, na kwa miezi kadhaa akawa na kelele mbele kushoto. Si kelele ya kugongagonga, wala mlio wa bati. Ilikuwa "tok!" moja, nzito, kisha kimya. Gereji moja ilimbadilishia shoki zote mbili. Nyingine ikamwekea bushi mpya. Pesa ikaenda, tok ikabaki.

Kawaida kelele kama hiyo unaitafuta barabarani. Unasimama, mtu mmoja anatembea kando ya gari huku mwingine akiendesha, mnasikiliza. Lakini tangu 2011, vikosi vya Kenya vilipoingia Somalia, mabomu yamerudi kutegwa kwenye barabara zetu, na katika basi moja la Mandera Novemba 2014 watu 28 waliuawa. Barabara ya Dadaab si mahali pa kuzima injini uinamie gurudumu. Abti aliisikiliza kelele yake kwa miezi bila kusimama hata mara moja, na kila ikilia alijiuliza kama ni gari au ni kitu kingine. Aliniambia hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeongea kuhusu bei ya dizeli.

Fundi aliyeimaliza alikuwa Mkamba mmoja wa makamo, kibanda chake nyuma ya maduka ya vipuri. Mimi nilikuwa nimekuja likizo kutoka Nairobi, nikakaa kwenye tairi kuukuu kutazama. Alimuuliza, "Hajji, inalia mara ngapi?"

"Nikishika breki, mara moja."

"Ukirudi rivasi ukashika breki?"

Abti akafikiri. "Mara moja pia."

Fundi akatingisha kichwa kama amesikia jina la mtu anayemjua. Hata hivyo hakukimbilia jibu. Alipiga jeki, akatikisa gurudumu juu na chini kupima beringi na kingpini, kisha kushoto na kulia kupima tairodi. Zote zilikaza. Akafungua shoki upande wa chini na kuisogeza gari uani: tok. Basi shoki hazikuwa na hatia, mpya wala za zamani. Ndipo akachukua kamba ya manila, akapima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma upande wa kulia, akafunga fundo, akahamia kushoto. Kushoto kulipungua upana wa kidole.

"Ekseli imetembea," akasema.

Maelezo yake yalikuwa mafupi na mpaka leo naona ni mazuri kuliko mengi niliyosoma. Kitu kilicholegea na kuning'inia hupiga kelele kila shimo. Kitu kinacholia mara moja kila ukibadilisha mwelekeo ni kitu kinachoteleza kutoka upande mmoja kwenda mwingine na kugota. Alipolala chini akaonyesha: kati ya springi na kiti chake kulikuwa na chuma kinachong'aa na unga mwekundu wa kutu, U-bolti zimelegea, na senta bolti, ile ndogo inayoshika majani katikati, imekatika. Watu hudhani senta bolti ndiyo inashikilia ekseli. Hapana. Zinazoshika ni U-bolti kwa kubana. Zikilegea, mzigo wote unaangukia kijibolti chembamba, na breki moja nzito inakimaliza. Springi ziliwahi kubadilishwa, nati zikakazwa siku ileile na hazikuguswa tena, ilhali springi mpya hulala na kujibana baada ya safari ya kwanza. Migongo ya barabara ikafanya iliyobaki.

Abti alikuwa akiendesha kwa 80, mbuzi nyuma, na ekseli isiyoshikwa upande mmoja.

Bei ya kazi yote haikufika robo ya zile shoki.

Siku hizi mafundi wanasikia kelele nyingine. Land Cruiser ya pikapu ilipata springi za koili mbele mwaka 1999, na tok imehamia kwenye bushi za ile fimbo inayovuka upande hadi upande kuzuia ekseli isicheze. (Koili, kwa bahati mbaya, haitoi panga la maana.) Probox zimejaa mjini, na maadui wao ni matuta. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za barabara ya kutoka Isiolo kuelekea Mandera, na lami tayari imetoka Nuno, karibu na Garissa, mpaka Modogashe. Abti ameipita mara nyingi. Anasema ni nzuri, lakini kuna utulivu mwingi. Sasa anasikia mpaka bawaba ya mlango, na ameshaniuliza kama nadhani ni bawaba kweli.