Safu ya Lugha: "Adimu" kiasi gani?

Tangu mradi wa madini wa Ngualla uingie magazetini, "madini adimu" yamekuwa maneno ya kila siku. Ngualla iko Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mkataba wake wa uchimbaji ulisainiwa 2023, serikali ikichukua hisa za asilimia 16.

Kitu adimu ni kile kisichopatikana kwa urahisi. Sasa chukua seriamu, mojawapo ya madini hayo: kwa wingi ardhini inakaribiana na shaba. Kilicho adimu hasa ni mahali yaliporundikana kiasi cha kuchimbika kwa faida. Kuyatenganisha nako ni shughuli, maana kikemia yanafanana mno.

Mimi ningeliacha neno hili lihusu kipimo kinachotumika. Uzi wa kioo wa leza yenye nguvu hutiwa itabiamu, mojawapo ya madini hayo, kidogo sana, ukalishwa mwanga wa diodi, nao ukatoa mwale wa infraredi wenye urefu wa wimbi wa takriban mikromita 1. Jicho halioni kitu, na bamba la chuma limeshakatika! Binamu wa itabiamu, erbiamu, hukuza mwanga wa mikromita 1.55 katika nyuzi za mawasiliano za masafa marefu, za aina ya Mkongo wa Taifa upitao Iringa kwenda Mbeya.

Utajiri wa Ngualla ni neodimiamu, ambayo Elias Snitzer wa Marekani aliitumia mwaka 1961 katika leza ya kwanza ya uzi wa kioo. Leo wanunuzi wake wakubwa ni watengeneza sumaku za mota za magari ya umeme.